Difu ya Tukutuku na Hesabu Zake

Jioni ya leo sikukusudia kusema habari za siasa wala za bei ya mahindi, mambo ambayo wenzangu huyafafanua kwa ufasaha unaonishinda. Nakusudia kusema habari za kasha moja la chuma, lisilozidi kichwa cha mbuzi kwa ukubwa, lililofungwa baina ya magurudumu mawili ya nyuma ya kila tukutuku ya mizigo ipitayo milangoni petu, ambalo hakuna alitazamaye mpaka siku litakapoanza kulia, na siku hiyo kila apitaye njiani huwa bingwa wa kulitolea rai. Kasha hilo ndilo difu.

Nina sababu ya kulichagua jambo hili, nayo ni bora niitaje mapema. Tumezoea, tunapowasifu mafundi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kuwasifu kwa werevu wa kuungaunga: huyu kafunga waya mahali pa bolti, yule kakata ndala akafanya bushi, na mgeni aliyekuja kutazama huandika daftarini mwake kwamba wakimbizi ni watu wabunifu, kisha akaenda zake. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, walakini ina dharau pia iliyofichika, kwani humfanya fundi aonekane mtu aliyebahatisha naye akabahatika. Difu ni mtambo usiokubali kubahatishwa. Mtu aliyeifungua nyumbani kwake, akaijenga upya, akairudisha mahali pake, nayo ikatembea msimu mzima wa mvua pasipo kulia, mtu huyo alipima, akapima tena, akakataa kufunga mpaka vipimo vimwie sawa. Na ninyi mtakaovumilia kunisikiliza mtaona ni vipimo vya namna gani.

Kwa ambao hawajafika, Nakivale si kambi ya mahema yaliyobanana kama picha za magazeti zilivyotuzoesha. Ni nchi pana katika wilaya ya Isingiro, Uganda, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 185, yenye vilima vya malisho na ziwa ambalo jina lake ndilo jina la makazi yenyewe. Iliwapokea kwanza wakimbizi wa Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu zama zile haikukosa wageni: watu wa Kongo ambao ndio wengi, watu wa Burundi, Wasomali, Wahabeshi, na wenyeji wa Ankole walioishi baina yao na kuuziana nao. Kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, kijiji na kijiji huachana mwendo mrefu. Mtu wa Rubondo mwenye magunia yake ya maharage hawezi kuyabeba kichwani hadi sokoni, wala boda boda haiwezi kuyachukua yote kwa safari moja, na lori halitakubali kuja kwa ajili ya magunia sita. Kwa hiyo kazi hiyo imeiangukia tukutuku ya mizigo, pikipiki ya magurudumu matatu yenye sanduku nyuma, ambayo hubeba maji, ndizi, mabati, mbao, mbuzi, na mara nyingine mgonjwa anayepelekwa kituo cha afya. Madumu 30 ya maji ya lita 20 ni kilo 600 hata kabla hujamhesabu dereva na utingo wake, na uzito huo wote, kila mara dereva anapoachia klachi, hupita katika meno machache ya chuma ndani ya kasha lile.

Sasa, kwa nini pawe na difu hata kidogo? Mtu wa kuuliza swali hili hana budi kutazama gari linapokata kona. Gurudumu la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, na madhali yote mawili huanza na kumaliza kona kwa wakati mmoja, ni lazima la nje lizunguke mara nyingi zaidi. Ukiyafunga yote mawili kwenye chuma kimoja, moja litaburutwa, tairi litalika, na chuma kitasokoteka. Tatizo hilo lilifumbuliwa na fundi wa saa, Mfaransa aitwaye Onésiphore Pecqueur, katika miaka ya 1820, alipokuwa akishughulika na gari la mvuke. Lakini aliyeuleta ufumbuzi huo katika vyombo vya watu wa kawaida alikuwa James Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1877, na hapa nawaombeni mtege masikio, kwa sababu chombo alichokuwa akikishughulikia hakikuwa motokaa, ambayo ilikuwa bado haijazaliwa, bali kilikuwa chombo cha kukanyaga kwa miguu wanachokalia watu wawili ubavu kwa ubavu. Husimuliwa kwamba alikuwa akikipanda pamoja na mwanawe, na kwa kuwa kijana ana nguvu kuliko baba na kila mmoja alikanyaga gurudumu la upande wake, chombo kikavutwa upande mmoja mpaka kikawatupa wote wawili kando ya njia. Mzee akarudi karakana akatia baina ya magurudumu gia za kugawanya nguvu. Maana yake ni kuwa jamii ya baiskeli zenye magurudumu zaidi ya mawili ilipata difu kabla ya motokaa ya mfalme yeyote, na tukutuku ya Nakivale, ambayo wenye magari makubwa huidharau, imerithi kitu ambacho ni halali ya ukoo wake.

Mtambo wenyewe ni huu. Kutoka kwenye injini hutoka shafti ndefu iitwayo propela, na mwisho wa propela pana gia ndogo iitwayo pinioni, ambayo meno yake huuma meno ya gurudumu kubwa liitwalo krauni, likaugeuza mzunguko uliokuja kwa urefu wa chombo ukawa wa kukata upana. Krauni imefungwa kwa bolti kwenye kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe umepita msumari mnene unaobeba gia mbili au nne ambazo mafundi huziita spaida. Gia hizo huumana na gia nyingine mbili za ubavuni, kila moja ikishika shafti ya gurudumu lake. Chombo kinapokwenda njia iliyonyoka, spaida hazizunguki juu ya msumari wake, huchukuliwa tu pamoja na kikombe. Kinapokata kona ndipo zinapoamka, zikapunguza upande huu na kuongeza upande ule kwa kiasi kile kile, hata jumla ya mizunguko ya magurudumu mawili haiachi kamwe kuwa mara mbili ya mizunguko ya krauni. Yeyote anayetilia shaka na anyanyue nyuma ya tukutuku kwa jeki, aiegemeze juu ya magogo imara, amwambie mwenziwe ashike propela isizunguke, kisha azungushe gurudumu moja mbele: jingine litazunguka kinyumenyume, kwa mwendo ule ule, kana kwamba limechokozwa.

Insafu hiyo ya kugawa sawasawa ina upungufu wake, nao hudhihirika masika. Difu haigawi nguvu kwa kutazama nani mwenye haja. Hugawa sawa, na gurudumu lililokaa juu ya utelezi haliwezi kupokea nguvu nyingi, basi hata lile lililosimama pakavu halipewi zaidi. Ndiyo sababu mnaliona gurudumu moja likizunguka wazimu katika tope la njia ya Juru na mwenzake ametulia kimya. Dereva aliyekwama mara nyingi hufikia kumwendea mchomeleaji na kumwambia, fundi, nifungie hizi spaida kwa moto, nimechoka. Na wapo wanaokubali. Wasikilizaji wangu, kazi hiyo haifai, nami nalisema hilo bila kupepesa. Difu iliyochomelewa hutoka topeni vizuri sana, lakini siku jua litakapowaka na njia ikauka ikawa changarawe ngumu, na mzigo wa kilo mia sita ukawa juu, kila kona itakuwa vita baina ya matairi mawili, na atakayeshindwa ni shafti, ambayo hukatika aghalabu mahali chombo kinapopinda kwa kasi. Hoja ya wenye kutetea ni kwamba zile pikipiki za magurudumu manne, kama zile wanazozipanda watalii kule Jinja, nyingi hazina spaida kabisa nyuma. Ni kweli: katika nyingi kati ya hizo, kile wanachokiita difu ya nyuma ni krauni na pinioni tu juu ya shafti moja isiyogawanyika, na hata pikipiki ya Honda ya magurudumu matatu iliyotoka mwaka 1970 ilikuwa na shafti moja hivyo hivyo. Lakini zile zilikusudiwa kwenda juu ya mchanga na nyasi, zikiwa nyepesi, zenye matairi mapana laini yanayoteleza kwa urahisi, nazo hazibebi madumu 30 ya maji. Anayeiga na aige pamoja na masharti.

Sasa tuje kwenye maradhi. Difu husema kabla ya kufa, na kila sauti ina maana yake. Ikiunguruma mfululizo, ukikanyaga mafuta au ukiachia, hizo ni beringi. Ikiimba kwa sauti nyembamba unapokanyaga, na wimbo ukabadilika unapoachia, hapo ni krauni na pinioni ambazo hazikukutana vyema. Ikigonga mara moja unapoondoka, kana kwamba mtu amepiga nyundo chini ya sanduku, pana mlegeo uliozidi, ama baina ya meno, ama kwenye msumari wa spaida, ama kwenye krosi ya propela, ambayo fundi mwenye busara huitazama kwanza kwa kuwa ndiyo rahisi. Ikipiga kelele katika kona peke yake, basi ni spaida. Kisha ifungue nati ya chini uitazame oili yenyewe. Oili nyeusi si ajabu. Oili inayometameta kama imetiwa unga wa fedha ni chuma kinacholika. Oili nyeupe mfano wa maziwa imeingia maji.

Juu ya maji haya nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo yanayoua difu nyingi za pande zetu, na wenye vyombo hawayafahamu. Madereva huingia ziwani au kwenye vijito mpaka maji yakafika kwenye ekseli, ili kuchota au kuosha. Difu imetoka mwendoni, ina joto, na hewa iliyomo imetanuka. Ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ile hunywea, na kunywea kwake huvuta maji yakapita pembeni mwa sili zilizochoka. Juu ya kasha lipo tundu dogo la kupumulia, lililowekwa makusudi ili hewa iingie na kutoka kwa salama, lakini tundu hilo huzibwa na tope lililokauka, na hapo shari huwa mbili: difu ikipata moto, hewa isiyo na pa kutokea huisukuma oili nje kupitia sili. Mwenye chombo akaona oili inachirizika kwenye ngoma ya breki, akanunua sili mpya, ikavuja, akanunua nyingine, ikavuja, akamlaumu muuza duka wa Mbarara kwamba anauza bandia, na kumbe dawa yake ilikuwa kipande cha waya cha kuzibulia tundu.

Tuseme sasa imethibiti kwamba difu haina budi kufunguliwa. Mahali penyewe pa kazi aghalabu ni uani, juu ya turubai lililofagiliwa, na mimi huipenda kazi inayofanywa juu ya turubai safi kuliko ile ya gereji yenye saruji iliyojaa mchanga. Magogo huwekwa chini ya fremu, wala si mawe, kwa kuwa jiwe hupasuka bila kuaga. Oili humwagwa kwenye beseni. Propela hufunguliwa baada ya kutiwa alama ya tindo pande zote mbili ili irudi ilivyokuwa, nyaya za breki hufunguliwa, nati za yubolti zinazoishika ekseli kwenye springi hulegezwa moja baada ya nyingine, na ekseli nzima ikavutwa nyuma na watu wawili. Ndipo ngoma za breki zinapotoka, shafti zikachomolewa, kasha likafunguliwa.

Hapo ndipo fundi mwema anapojitenga na fundi wa haraka. Wa haraka huvunja kila kitu akakitia katika ndoo moja. Mwema, kabla hajagusa beringi, hutia alama: nukta moja upande wa kushoto, nukta mbili upande wa kulia, kwa kuwa vifuniko vya beringi vilichongwa kila kimoja mahali pake na havibadilishani. Hupima mlegeo wa meno ungali ulivyo, ili ajue alikuta nini. Hutoa shimu, zile pete nyembamba kama karatasi zinazokaa nyuma ya beringi, akazifunga kwa uzi, za kushoto mbali, za kulia mbali, za pinioni mbali. Na lau ningeulizwa ni kitu gani kimoja kikipotea huiangusha kazi yote, ningesema ni shimu hizo, ambazo mtoto akizikuta hufanya bangili. Vipande vyote huoshwa kwa mafuta ya taa. Wapo waoshao kwa petroli kwa kuwa hukauka upesi, ilhali jiko la mkaa limewashwa hatua chache kutoka hapo. Hao sina la kuwaambia ila wamfikirie aliye jikoni.

Kisha hutazamwa. Jino la krauni likiwa na vidoa vilivyomeguka, au limeng'oka ncha, halina tiba; wala si halali kununua krauni peke yake. Namkumbuka fundi mmoja, mtu wa Kivu Kusini, akimweleza mwenye tukutuku, mama aliyekuja na pesa zake zimefungwa kwenye ncha ya kanga, akimwambia: “Mama, nikikuwekea krauni mpya juu ya pinioni ya zamani, utarudi hapa kabla ya mwezi kuisha, na utasema fundi ni mwizi. Nunua zote mbili, ao tungoje.” Mama akangoja. Fundi hakuwa akimnunulisha bure. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka zizoeane, zikatiwa namba moja, na kuzitenga ni kuanzisha ndoa mpya baina ya wasiojuana. Sharti pia mnunuzi ayahesabu meno kabla ya kupanda gari la kwenda Mbarara. Ikiwa krauni ina meno 37 na pinioni 8, propela huzunguka zaidi ya mara nne na nusu ili gurudumu lizunguke mara moja, na mwenye duka akikupa ya meno 41 kwa kuwa imekuwa sawa kwa umbo, utapata tukutuku yenye nguvu kidogo zaidi na mwendo pungufu, au bolti hazitaingia kabisa. Tena hesabu hizo zina hikima iliyofichika: 37 na 8 hazina kigawo cha pamoja ila moja, kwa hiyo kila jino la pinioni hukutana kwa zamu na kila jino la krauni, na ulaji ukagawanyika, hakuna jino linalomwonea jirani yake daima.

Mbarara, mji ambao tangu Julai 2020 umepewa hadhi ya jiji, una maduka ya spea ya kila namna, na mkimbizi anayeingia humo hafanyi jambo la kujificha, kwa kuwa sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imempa haki ya kufanya kazi na ya kwenda atakako. Hata hivyo nauli ni nauli. Mtu aliyekwenda na kurudi akakuta beringi aliyoinunua imepungua unene kwa nusu milimita hana wa kumdai siku hiyo hiyo. Ndiyo maana wenye uzoefu huenda na kitu cha zamani mkononi, kimefungwa gazetini, wakakilinganisha hapo hapo mezani mwa duka, hata kama muuzaji atakunja uso.

Kujenga upya ndiko nilikokusudia tangu mwanzo. Beringi mpya haigongwi kwa nyundo ikaingia juu ya shafti. Hutiwa katika sufuria ya oili juu ya mkaa, ikapashwa kiasi cha nyuzi mia moja na kidogo, ambapo tone la maji likiangukia oili hulia, kisha ikatolewa kwa koleo na kuteremka mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Baada ya hapo inakuja pinioni, na swali la pinioni ni kina chake: imeingia kiasi gani kuielekea krauni? Jibu halionekani kwa jicho, basi fundi huliuliza jino lenyewe. Huchanganya grisi na masizi ya chini ya sufuria, akayapaka meno machache ya krauni kwa brashi, akazungusha pinioni huku na huku na mwenziwe akizuia krauni kwa kitambaa ili pawe na uzito, kisha akatazama mahali masizi yalipofutika. Alama ikiwa katikati ya jino, alhamdulillahi. Ikikaa karibu na ncha, pinioni imesimama mbali mno, naye huongeza unene wa shimu yake; ikizama chini shinani mwa jino, imeingia mno, naye hupunguza. Ikikimbilia upande wa ndani wa krauni, krauni imeisogelea pinioni kupita kiasi. Ikikimbilia ukingo wa nje, imeibaidi. Kila badiliko la shimu lina maana ya kufungua tena, kutoa, kutia, kufunga, kupaka, kutazama. Mchana mzima hupita hivyo, na mpita njia huona mtu anayefunga na kufungua kitu kimoja akadhani hajui kazi.

Mlegeo baina ya meno nao una kiasi chake, ambacho kwa difu ndogo kama hizi huwa aghalabu sehemu moja hadi mbili katika sehemu kumi za milimita. Mwenye saa ya kupimia huiegemeza kwenye jino akasoma. Asiye nayo hana ruhusa ya kusema basi tu: karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene ulio karibu na sehemu moja ya kumi ya milimita, na wapo mafundi wanaopitisha kipande chake baina ya meno wakatazama kama kimebanwa, kimekatika au kimepita bila kuguswa. Si kipimo cha kiwandani, lakini ni kipimo, na kinatofautiana kabisa na kutikisa kwa mkono na kusema naona iko sawa.

Bado pana beringi za pinioni, ambazo zikiwa ni zile za koni hutakiwa zibanwe kwa nguvu maalumu: zikilegea, pinioni hucheza na meno yakavunjika, zikikazwa mno, hupata moto na kuungua kabla hazijaenda mbali. Vitabu vya watengenezaji huagiza kwamba uzi uzungushwe kwenye flanji ya pinioni, uvutwe kwa mizani ya springi, na usomwe uzito unaohitajika kuizungusha. Na mizani ya springi iko wapi Nakivale? Iko kwa muuza maharage, imening'inia kwenye ndoano. Nimeiona ikiazimwa. Fundi aliirudisha kabla ya soko kuchangamka, imefutwa grisi, na kwa hakika sijui chombo kingine kilichohudumia fani mbili kwa uadilifu zaidi.

Yaliyobaki ni mepesi, nami nitayapita upesi. Gasketi hukatwa kwenye karatasi ngumu ya boksi, ikawekwa juu ya mdomo wa kasha na kugongwagongwa ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo litokee. Ila katika difu ambazo kifuniko ndicho kinachobana beringi, unene wa gasketi umo katika hesabu, na aliyeibadilisha nyembamba kwa nene amevuruga kazi ya asubuhi yote. Sili huingizwa kwa kibao cha mti, mdomo wake ukielekea ndani, umepakwa oili. Bolti za krauni hukazwa kwa kupishana, huku na kule, si kwa kufuatana. Ekseli hurudi chini ya springi, yubolti hukazwa, propela hufungwa alama kwa alama, breki hurekebishwa upya. Oili ya gia, namba 80W-90, ile yenye harufu ya kiberiti, hutiwa chombo kikiwa kimesimama sawasawa mpaka ianze kuchungulia kwenye mdomo wa tundu la kujazia, wala isizidi. Oili ya injini haifai mahali pake, hata ikiwa mpya.

Nilisema sifa ya kuungaunga ina dharau ndani yake. Sasa niseme ni wapi dharau hiyo inapodhuru. Fundi wa uani aliyejifunza kwa mjomba wake Uvira au Bukavu kule Kongo, akivuka mpaka na mikono yake miwili, hana karatasi, na asiye na karatasi hapewi zabuni hata ya kutengeneza breki ya gari la shirika linalomhudumia yeye mwenyewe. Uganda ina utaratibu wa kumpima mtu kwa kazi ya mikono yake, pasipo kumuuliza alisoma darasa la ngapi, na kumwandikia cheti kwa ujuzi ule aliouonyesha. Njia hiyo ipo, lakini hufuatwa na wachache, kwa sababu ya ada, umbali, lugha, na kwa sababu wengi wetu tumewafanya mafundi hao waamini kwamba wanachokifanya ni ujanja wa kujikimu tu. Mwenye kusoma alama ya masizi juu ya jino la krauni, akajua aongeze shimu au apunguze, anajua jambo ambalo hufundishwa katika vyuo vya ufundi, tena kwa saa ya kupimia na mwanga wa umeme. Viongozi wa vijiji wanaonisikiliza, na walimu wa chuo cha ufundi cha Nakivale, wangefanya hisani wakimwita mtu huyo aje apimwe kabla hawajamwita aje afundishwe.

Na kwa wenye tukutuku, neno la mwisho ni la matumizi. Difu iliyojengwa upya isibebeshwe mzigo kamili siku ya kwanza. Iende tupu hadi njia panda na kurudi, kisha uliguse kasha kwa kiganja: vuguvugu ni sawa, lakini ikiwa mkono hauwezi kukaa, rudi kwa fundi na wala usingoje kesho. Baada ya wiki mbili tatu za kazi, oili ile ya kwanza imwagwe, kwa sababu imebeba unga wa meno yaliyokuwa yakizoeana, na itiwe mpya. Iliyomwagwa isipelekwe ziwani. Mpeni jirani anayejenga boma. Nguzo iliyopakwa oili chafu upande wa kuzikwa, mchwa hukawia kuila.